Mluzi wa Kunyweshea Mbuzi

Tik.

Chuma kiligonga bati mara moja tu, kisha kimya. Timiro aliganda katikati ya chumba chenye giza, kopo amelikumbatia kifuani kama mwizi. Nati aliyoifunga kwenye mshipi wa kuvulia iwe chubwi, uzito wa kuuzamisha, ilikuwa imechomoka kwenye kitambaa alichoizungushia, ikagonga ukingo wa kopo. Kitu kidogo hivyo. Lakini katika nyumba ya chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, kabla ya adhana ya alfajiri, hata mbu akitua husikika.

Upande wa pili wa pazia, Ayeeyo Yurub alikohoa.

Timiro alisubiri. Ayeeyo, yaani Bibi, alikuwa mama wa mumewe, mwanamke mrefu, mkavu, aliyelala maisha yake yote sikio moja likiwa wazi kwa ajili ya fisi. Alikuwa amefika kutoka Hadado, kule Wajir, na hakuja kutembea. Alikuja kumchukua Iftin, mjukuu wake.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Ayeeyo. Natoka nje kidogo."

"Kila alfajiri unatoka nje kidogo."

Timiro alimtupia jicho binti yake aliyelala chali juu ya mkeka, miaka minne, vikono vyembamba kama vijiti vya kupigia mswaki. Akasukuma mlango taratibu, akatoka.

Iftin hakuweza maziwa. Katika nyumba ya wafugaji, kusema hivyo ni sawa na kusema mtoto hawezi hewa. Ya ng'ombe, ya mbuzi, ya unga yaliyokuwa ndani ya kopo hilohilo, hata ya ngamia yanayoingia mjini kwa mitungi ya njano, yenye harufu ya moshi ambayo Garissa nzima huisifu, yote yalimrudi. Tumbo lilivimba, mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Muuguzi wa zahanati alimtazama Timiro usoni akamwambia, "Mama, huyu maziwa yaache. Yote. Mpe nyama, mayai, samaki." Nyama ilionekana nyumbani Khalif akirudi, na Khalif, baba wa mtoto, alikuwa dereva wa lori njia ya Mandera, anarudi barabara inapomruhusu. Mayai Iftin aliyatema. Samaki alikula siku moja tu, nyumbani kwa rafiki wa mama yake, na usiku huo akalala kama mtu aliyetua mzigo.

Ayeeyo hakutaka kusikia habari za muuguzi. "Maziwa ya mjini ni maji na uongo," alisema. "Akinywa ya ngamia wangu, bado yana joto la kiwele, mwezi mmoja tu mtamkimbiza hamtamshika." Lori lililoleta mbuzi sokoni lingerudi Hadado baada ya swala ya Ijumaa, na mtoto angelipanda. Nguo zake zilikuwa zimeshafungwa ndani ya kitamba, zimewekwa karibu na mlango.

"Ni mama yangu, Timiro," Khalif alisema kwenye simu. "Nimwambie nini?"

"Mwambie mtoto ana chakula chake."

"Chakula gani? Nionyesheni basi hicho chakula."

Hapo simu ikakatika, au Khalif aliikata.

Na sasa ilikuwa Ijumaa.

Timiro alishika njia ya mtoni, buibui kalikunja kiunoni. Alizaliwa mjini, mto aliujua kwa kuutazama kutoka darajani tu: mpana, wa rangi ya chai iliyotiwa maziwa, unapita kama mtu asiyetaka salamu. Hakuna mtu wa kwao aliyewahi kushika ndoano. Shuleni, mtoto ukitaka kumliza mwenzako ulimwambia kinywa chake kinanuka samaki. Baba yake akipita mbele ya wauza samaki wa sokoni alivuta shuka puani.

Aliyemfundisha kuvua ni Dhahabo, wa jamii ya Munyoyaya, watu wa mtoni. Walikaa dawati moja katika masomo ya jioni, na huyo ndiye aliyempa Iftin samaki wa kwanza. Alimfundisha Timiro alasiri moja tu, kabla hajasafiri kwenda kwa mama yake huko chini mtoni.

"Wewe Timiro, umeshika mshipi kama kamba ya mbuzi. Unadhani samaki atakufuata nyumbani?"

"Kwani nishike vipi, walaal, ndugu yangu?"

"Kwa kidole gumba na hiki cha kuelekezea. Usivute. Sikiliza."

"Kwani samaki husema?"

"Huuliza. Tuk, tuk. Anauliza kama ni chakula kweli. Hapo usimjibu. Akishaamini, akaondoka nacho, ndipo uvute."

Kisha ikaja shughuli ya chambo. Timiro aliwaona nyungunyungu wakijisokota kwenye udongo wa shamba la ndizi, akaokota mmoja kwa kumkunja ndani ya jani, macho kayafumba. Dhahabo alicheka mpaka akakaa chini. "Amezaa bila kupiga kelele, leo anaogopa mdudu asiye na meno!"

Lakini alipoacha kucheka alisema mambo matatu kwa sauti nyingine kabisa. Kaa juu, kwenye ukingo ulio mrefu. Usitie mguu majini. Na mdomo ufunge. Timiro alidhani hilo la tatu ni kwa ajili ya samaki, wasishtuke.

Siku ya kwanza peke yake hakupata kitu. Samaki walikula chambo, wakaacha ndoano safi kama iliyooshwa. Ng'ambo, juu ya mchanga, palikuwa na gogo. Siku iliyofuata alinasa mmoja wa ukubwa wa kiganja, akamponyoka hewani. Gogo lilikuwa limesogea, limelala kwenye maji ya katikati. Timiro alisema moyoni kwamba mto umelibeba.

Siku zote hizo alipiga mluzi.

Hakuupiga kwa kutaka. Ulikuwa mluzi wa babu yake mzaa mama, wa kunyweshea mbuzi: sauti mbili ndefu, ya tatu inashuka chini pole pole, kumwambia mnyama kwamba maji yapo, hatari hakuna, inama unywe. Timiro hakuwahi kumiliki hata mbuzi mmoja, lakini hofu ilipomshika, midomo yake ilijikunja yenyewe na mluzi ukatoka. Ulimtoka kwenye chumba cha kujifungulia. Ulimtoka kwenye chumba cha mtihani, msimamizi akamwangalia vibaya. Na pale mtoni, ambako aliogopa giza, maji, na Ijumaa, aliupiga tangu alipofika mpaka alipoondoka, chini kwa chini, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Alifika ukingoni mbingu ikianza kupauka. Makorongo wakubwa walisimama juu ya miti kama walinzi waliochoka. Mahali alipoonyeshwa na Dhahabo palikuwa juu, kati ya ua wa shamba la ndizi na kichaka cha mathenge, miti ile ya miiba iliyojaa kila ukingo. Kando yake tu ukingo ulishuka hadi majini kwa mteremko wa tope lililokanyagwa na kwato. Hiyo ndiyo malka, njia ya mifugo kwenda kunywa. Saa hizo ilikuwa tupu. Mbuzi wangekuja jua likishapanda.

Alitia chambo bila jani, kwa vidole. Akarusha. Nati ilipiga maji, mshipi ukalegea, ukakaza. Akakaa.

Mwanga uliongezeka. Aliangalia katikati ya mto: gogo halikuwepo. Alifurahi kidogo, bila kujua kwa nini. Midomo ikajikunja.

Tuk.

Vidole viwili viliganda kwenye mshipi.

Tuk, tuk.

"Bado," alijinong'oneza. "Usimjibu."

Kisha mshipi ukaondoka. Haukuvutwa, uliondoka, kama mtu ameunyakua mkononi akakimbia nao. Timiro alivuta. Upande wa pili kitu kizito kilikataa. Mshipi ulimkata ngozi, akauzungusha kwenye kopo, akavuta tena, na mgongo mweusi, mpana, ukapasua maji ukazama. Kambare. Mkubwa kama mkono wa mtu mzima.

"Ya Allah. Ya Allah, usimwachie."

Alipojaribu kumnyanyua ukingoni, mshipi ulilia kama uzi wa kushonea unaotaka kukatika. Akakumbuka neno la Dhahabo: mzito hapandishwi juu, huongozwa hadi pa chini. Na pa chini palikuwa mahali pamoja tu. Alitembea kando kando, mshipi umekaza, mpaka akafika malka. Akashuka. Tope likameza ndala moja, akaiacha. Maji yakamfika vifundoni, baridi, na yeye anavuta, na mluzi unamtoka, sauti mbili ndefu na ya tatu inashuka.

"Naa Timiro!"

Aligeuza shingo. Juu ya ukingo alisimama Ayeeyo Yurub, fimbo mkononi, Iftin mgongoni ndani ya kitenge, macho yake yamejaa usingizi.

"Kumbe ni hili!" Ayeeyo alifoka. "Kila siku tik, tik, mlango, na mke wa mwanangu gizani! Nikasema ana mwanamume. Nimekufuata nije nimwone. Wallahi, mwanamume ningemwelewa. Lakini samaki!"

"Ayeeyo, nisubiri kidogo, nimemshika, ni mkubwa..."

Mluzi ukamtoka tena, wenyewe.

Uso wa bibi kizee ukabadilika. Hasira yote iliondoka kwa mara moja, ikabaki ngozi na macho, na macho hayakumtazama Timiro. Yalitazama nyuma yake.

"Nyamaza," alisema polepole. "Funga mdomo huo."

"Nini?"

"Usipige mluzi. Usirushe maji. Yuko hapo."

Timiro alitazama. Mbele yake, mahali ambapo mto ulitakiwa uwe laini, palikuwa na vinundu viwili, na nyuma yavyo vingine vidogo vidogo kwenye mstari. Maji yalifuata mkondo. Vinundu vilikuja kwake.

"Ukame ule mkubwa tulinyweshea hapa," Ayeeyo alisema, sauti imeshuka kama mtu anayezungumza mbele ya maiti. "Tulipiga mluzi huo, mbuzi wakainama, na yeye akachukua mmoja. Kesho yake akachukua. Mwisho alikuwa anakuja kwa mluzi kabla ya mbuzi. Umemwita, hooyo, mama. Umemwita siku zote hizi. Achilia kamba, panda."

Kambare alipiga mkia. Mshipi ukamvuta Timiro hatua moja mbele.

"Achilia, nimesema!"

"Siachi."

"Una wazimu? Kwa ajili ya samaki?"

"Nikiachia utampakia Iftin kwenye lori!" Timiro hakujua kama anapiga kelele au ananong'ona. "Utampa maziwa, na huko hakuna zahanati, na mimi sitakuwepo. Wewe humjui akianza kulia. Mimi namjua. Sina kingine cha kukuonyesha, Ayeeyo. Ni hiki tu."

Vinundu vilizama.

Hilo lilikuwa baya zaidi. Mto ukawa laini tena, mzuri tena, na Timiro alijua kuwa chini ya uzuri huo kuna kitu kinachopiga hesabu ya miguu yake. Alirudi nyuma kisigino kwa kisigino, akivuta. Tope lilimshika miguu. Kambare alikuja kiasi cha mkono mmoja, akarudi nusu.

Juu ya ukingo, Ayeeyo alimshusha Iftin akamkalisha juu ya kisiki. "Kaa hapa. Ukiinuka, fimbo hii ni yako." Kisha akaondoka. Timiro alimwona kwa pembe ya jicho akienda mbio, kizee yule, shuka linapepea, upande wa pili wa malka ambako ukingo ulisimama tena kama ukuta juu ya maji. Alidhani amekimbia. Hakumlaumu.

Kisha mluzi ukapigwa.

Haukuwa mluzi wa Timiro, ule wa chini kwa chini. Huu ulikuwa wa mtu aliyenywesha mifugo ujana wake wote, mpana, umejaa, unaotosha zizi zima. Sauti mbili ndefu. Ya tatu ikashuka. Na papo hapo Ayeeyo akaanza kuuchimba ukingo kwa fimbo, mabonge ya udongo yakaanguka majini, chubu, chubu, chubu, kama kwato za mbuzi wanaoingia mmoja baada ya mwingine. Akaguna kama beberu. Akapiga mluzi tena.

Timiro aliuma midomo yake mpaka akaonja damu. Mluzi ulitaka kutoka kumwitikia mwenzake, akauzuia kwa meno.

Hatua mbili mbele ya magoti yake maji yalifura. Kitu kilipita chini, kirefu, hakikwisha haraka. Kilisimama. Kisha mfuo mrefu ukachoreka juu ya mto kuelekea kwenye mluzi wa Ayeeyo.

"Vuta!" bibi alipiga ukelele, akarudia mluzi palepale bila kupumua.

Timiro aligeuka, akaweka mshipi begani kama kamba ya kisima, akapanda tope kwa mikono na magoti. Nyuma yake kambare aliteleza kutoka majini, akajipigapiga kwenye tope. Timiro alikuwa juu. Alikuwa nchi kavu. Akalirusha kopo kuelekea kisikini ili apate mikono yote miwili.

Ndipo mto ulipopasuka.

Mamba alitoka nusu mwili chini ya ukingo wa Ayeeyo, kinywa wazi, akafunga taya kwenye hewa na udongo. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa kontena. Ukingo ulimeguka. Ayeeyo alikwenda nao, fimbo ikaanguka, na mkono wake mmoja ukadaka tawi la mathenge, miiba na yote, akabaki ananing'inia, mguu mmoja unatafuta pa kukanyaga.

Timiro hakukumbuka kambare. Alikimbia peku, akajitupa kifudifudi, akaushika mkono ule mwingine, mkavu kama kuni, akavuta jinsi alivyokuwa amejifunza alfajiri ileile kuvuta kitu kinachokataa. Chini yao maji yalipiga tena. Ayeeyo hakupiga yowe. Alisema tu, "Shahada, shahada," na Timiro akajibu, "Baadaye, Ayeeyo, panda kwanza!" Goti likapata udongo. Kizee akapanda juu yake kama mbuzi anayeruka ua, wakabingirika pamoja hadi kwenye majani ya migomba.

Walilala hapo, pumzi zikigombana.

"Mtoto," Ayeeyo alisema.

Waliinuka wote wawili kwa pamoja. Iftin alikuwa kisikini. Hakuwa ameinuka, kama alivyoambiwa. Lakini kopo lilikuwa limebingirika hadi miguuni pake, naye alilipakata mapajani kwa mikono yote miwili, amekaza meno, na mshipi ulikuwa umenyooka kutoka kwenye kopo hadi kwa kambare kwenye mteremko, aliyekuwa amejipigapiga nusu ya njia ya kurudi majini akashindwa.

Ayeeyo alilitazama kopo. Alimtazama mjukuu. Akatoa miiba kiganjani mmoja mmoja njia nzima.

Nyumbani alikaa mlangoni, mtandio wake wa garbasaar kaukaza puani. "Nyumba yangu ya Hadado haijawahi kunuka hivi," alisema kuuambia ukuta. "Paka wa jirani wamejaa mlangoni. Watu watasema nini?"

"Watasema tuna samaki," Timiro alijibu, akigeuza vipande kwenye mafuta. Alitoa miiba, akaitoa tena, akaponda kipande kidogo kwenye sahani ya Iftin na kipande cha mkate wa anjera.

"Mpe nione," alisema Ayeeyo.

Iftin alikula kidogo. Akamtazama mama yake, akala chote. Kisha wakasubiri. Huko kusubiri kulimchosha Timiro kuliko mto. Mara nyingi alikuwa ameona jinsi maumivu yanavyoanza: kwanza mtoto hunyamaza, kisha hujikunja. Iftin alinyamaza. Timiro aliacha kufagia. Ayeeyo alijiburuta karibu, akaweka kiganja chake kilichofungwa kitambaa juu ya tumbo la mtoto, akakiacha hapo kama anavyopapasa mbuzi mwenye mimba, anabonyeza, anasikiliza.

Adhana ya Ijumaa ilipita. Watu walikwenda msikitini, wakarudi. Kiganja hakikuondoka.

"Ni laini," Ayeeyo alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayelalamika.

Nje, honi ya lori ikalia mara mbili. Sugow, dereva, aliita jina la Ayeeyo kwa sauti kubwa, akamwuliza kama mzigo uko tayari. Timiro aliangalia kile kitamba cha nguo karibu na mlango, akashindwa kuangalia kwingine.

Ayeeyo alimwinua Iftin akamsimamisha mbele yake, akamshika mabega. "Sikiliza, macaanto, mtamu wangu. Lori limekuja. Huko kwangu kuna ngamia, kuna ndama, kuna maziwa mengi. Hapa kuna mama yako, na mto, na hiki kitu kinachonuka. Niambie mwenyewe, nimjibu Sugow. Unataka nini?"

Honi ililia tena. Timiro alikaza meno, mluzi ukimjaa kinywani.

Iftin aliitazama sufuria, akasema, "Nataka samaki tena."